Mstari Mmoja, Pande Mbili za Ubao

Ipo siku moja ya kidato cha pili, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Marehemu mume wangu alilijua hilo, na hakununa.

Shule yetu ilikuwa Kihesa, Iringa, na Juni ile baridi ilikuwa ya kukunja vidole. Mchepuo wa sayansi ulikuwa umebakiza kiti kimoja. Waliokitaka tulikuwa wawili: mimi, na Kija, binti wa wafugaji waliohamia Usangu kutoka Usukumani. Mwalimu Sanga wa hesabu alikuwa na ubao wa kusimama, unaoandikika pande zote mbili. Akatuweka mmoja huku, mwingine kule, tusionane, akatupa nukta mbili, (1, 6) na (3, 2). Tutafute mlinganyo wa mstari unaopita hapo.

Darasa liliona kwanza upande wa Kija: y = −2x + 8. Wakapiga makofi, maana ndivyo wote tulivyozoea kuandika. Kisha ubao ukageuzwa, na wangu ukasomeka 2x + y = 8. Mimi alama ya kutoa sikuwahi kuipenda. Nikiikuta naihamishia upande wa pili. Wakacheka mpaka madawati yakalia. Niliona aibu, sikufichi, nikashika dasta nifute.

Mwalimu Sanga akaniwahi mkono. “Unafuta kwa sababu umekosea, au kwa sababu umechekwa?”

Aliyejibu ni Kija, naye alikuwa amezunguka kuja kusoma upande wangu. “Mwalimu, mbona ya kwake iko sawa. Ukiweka moja na sita inatoka nane, ukiweka tatu na mbili nane tena. Ni mstari uleule, amehamisha tu.”

Angenyamaza, kiti kilikuwa chake. Mpaka leo namheshimu mno kwa hilo.

Mwalimu akatueleza kwamba mlinganyo wa Kija unakuonyesha upesi mstari unashuka kwa kasi gani, na wangu ni mwepesi ukitaka kujua unakata wapi mihimili yote miwili. Halafu akatupa nukta nyingine: (5, 1) na (5, 4). Kija akaanza na mteremko, kama kawaida yake, akajikuta anagawanya kwa sifuri. Mstari ule umesimama wima, hauna mteremko wa kuandika, na umbo la mlinganyo wa Kija bila mteremko haliendi. Umbo langu halikuuhitaji. Nikaiacha y nje, nikaandika x = 5.

Kiti nikakipata mimi. Kija akanipa mkono huku machozi yanamtoka, akaenda mchepuo wa sanaa, nami nililia pia.

Sasa sikiliza, mwanangu. Jibu lako lisipofanana na la nyuma ya kitabu, usikimbilie kufuta. Rudisha zile nukta ndani ya mlinganyo wako, na zikikubali, simama hapo hata wakikucheka. Jifunze na umbo la mwenzako, maana liko swali ambalo la kwako litakwama. Na siku ukiona unayeshindana naye amepata, sema kwa sauti, hata kama utakikosa ulichokitaka. Mimi nimefundisha hesabu mpaka nikastaafu, lakini hilo la mwisho nilifundishwa na Kija.

Mungu akujalie ujasiri wa kutetea jibu lako, na moyo wa kutetea la mwenzako.