Sufuria Mbili za Ugali Ugenini

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kila ninaposikia kwamba kijana wa hapa Kilosa amepata nafasi ya kwenda kusoma nje. Nilikuwa nimesimama mbele ya jiko la umeme huko Norwei, theluji imefunika kila kitu dirishani, nasonga ugali wangu. Pembeni yangu, kwenye jiko hilohilo, kijana mwingine wa Kitanzania alikuwa anasonga wa kwake. Hatukusemeshana. Kila mmoja alikuwa na sufuria yake, mwiko wake, na unga wake aliotoka nao nyumbani. Mwenye nyumba, mama mmoja mjane tuliyemwita Mama Ingrid, aliingia kuchukua kikombe, akatutazama, akakiweka kikombe chini.

Lakini ngoja kwanza nikueleze tulivyofika hapo.

Mimi ni mtoto wa mkulima wa Kidete. Shamba letu lilikuwa karibu na mto Mkondoa, na kutoka uani kwetu uliweza kuona treni ikipinda kuelekea Munisagara. Nilipokuwa msichana mdogo, ng'ombe wa wafugaji waliingia katika mahindi yetu yakiwa yanabeba, wakayamaliza. Mwaka ule tulikula viazi mpaka tukavichukia. Tangu hapo baba hakutaka kumsikia mfugaji, nami nikakua na neno lake moyoni, kama mtoto anavyokua na jina alilopewa bila kuulizwa.

Nikasoma, nikafika chuo cha kilimo Morogoro. Ndipo ikaja nafasi ya kubadilishana wanafunzi: wao walete wao, sisi tupeleke wetu, mwaka mmoja wa masomo. Tulichaguliwa wawili. Mwenzangu aliitwa Saning'o. Alikuwa Mparakuyo, mtoto wa wafugaji wa mbuga zile unazopita ukitoka Kilosa kwenda Mikumi. Baba alipojua nasafiri na nani, aliweka jembe chini. Kisha akaniambia nisome, nisali, na nisisahau mahindi.

Sikusahau. Ndani ya ndege niliomba nibadilishiwe kiti.

Ugeni una njaa yake, mwanangu, na si ya tumbo. Kule jua lilikuwa linazama mchana, hata alasiri haijaingia. Watu walikuwa wema, lakini walipita njiani bila salamu. Nilizoea kumpa shikamoo kila mkubwa niliyekutana naye, na sasa nikawa natembea siku nzima na shikamoo zangu mdomoni, sina wa kumpa. Nikakonda. Nikaanza kufikiria kuomba nirudishwe nyumbani. Na muda wote huo, chumba cha pili, ng'ambo ya ukuta wangu, alikuwepo mtu ambaye angeniitikia kwa Kiswahili kama ningebisha hodi.

Sasa turudi jikoni. Kiingereza cha Mama Ingrid kilikuwa cha kuokoteza kama changu, hivyo alisema polepole, na labda ndiyo maana kila neno lilinifikia.

"Nimezikwa na watu wengi," alisema, kisha akajisahihisha, "nimewazika watu wengi. Mume wangu, dada zangu. Lugha ya kijiji nilichozaliwa sasa sina wa kuongea naye. Ninyi Mungu amewapa mtu, tena chini ya paa moja, na mnapika chakula kimoja mara mbili. Nani amewadanganya kwamba mna watu wengi hivyo duniani?"

Akachukua kikombe chake, akatoka.

Niliona aibu, siyo ya kukemewa, kwa maana kwetu mtoto wa yeyote hukemewa na yeyote. Niliona aibu kwa sababu ilibidi tuvuke bahari ndipo mtu atuambie jambo ambalo bibi zetu wangetuambia bure. Saning'o alicheka kidogo, akazima upande wake wa jiko. Aliniambia kwamba unga wake ulikuwa umebaki kidogo tu, na kwa siku kadhaa alikuwa anasonga uji mzito na kujidai ni ugali. Nikachungulia sufuria yake. Kweli, ulikuwa uji. Tukala wa kwangu, kwenye sahani moja, nikamsimulia mahindi ya baba yalivyoliwa, na siku ile ndipo nilipojua kwamba kwao alikuwa mtoto wa kwanza, kwamba mama yake alipenda kuimba akikamua, na kwamba yeye pia aliomba abadilishiwe kiti ndani ya ndege. Wahenga walisema undugu kufaana, si kufanana. Walijua walichokisema.

Basi ikaja siku ya darasani. Mwalimu wetu mmoja, mtu msomi na mpole, alikuwa anafundisha habari za ardhi katika nchi kavu. Akasema mkulima na mfugaji wa Afrika ya Mashariki ni moto na nyasi kavu, hawakai pamoja, na dawa ni mmoja kuhamishwa. Kisha akatugeukia sisi wawili mbele ya darasa zima akatuuliza tunaonaje.

Maneno yale, mwanangu, yalikuwa maneno ya baba yangu. Nilikuwa nimeyasikia utoto wangu wote na sikuwahi kuyaona mabaya. Lakini yaliposemwa na mtu asiyemjua Saning'o, wala asiyejua kwamba mama yake huimba akikamua, yalinichoma. Nilipogeuka, Saning'o alikuwa amekwisha kusimama.

"Mimi ni mfugaji," alisema. "Mahindi yakiliwa na ng'ombe, mwaka wote wa familia umeliwa. Sisi huwa tunasema samahani, lakini samahani haisongwi ikawa ugali. Jambo hili sijawahi kulisema nyumbani kwetu. Nalisema hapa kwa sababu dada yangu huyu ameketi hapa, na shamba lililoliwa lilikuwa la baba yake."

Darasa zima likanigeukia. Mimi nilikuwa mtu wa kukaa nyuma na kuandika. Lakini mtu akikubebea mzigo wako mbele za watu, huwezi kuendelea kukaa.

"Mimi ni mtoto wa mkulima," nikasema. "Ng'ombe hana kosa, anafuata maji. Sisi tulilima mpaka ukingoni mwa mto, hatukuacha hata pa mbuzi kupita. Tuliziba mlango, kisha tukamlaumu mwenye kiu. Asihamishwe mtu. Ifunguliwe njia."

Sikumbuki nilivyokaa. Nakumbuka makofi, na mwalimu amevua miwani, anaifuta. Msomi yule hakuona haya kujifunza. Alituagiza tuandike kazi yetu ya mwisho pamoja, akatutafutia ruhusa ya kusafiri milimani, tukaone wenyeji wa kule wanavyoishi na kondoo wao na mashamba yao.

Tukasafiri. Mkondoa ninaujua, milima ya kwetu naijua, lakini treni ile ilipanda mpaka masikio yakaziba. Theluji ilikuwa inayeyuka na maji meupe yanaporomoka kila upande. Tulilala kwenye nyumba za wakulima, tukala jibini ya rangi ya sukari guru, tukajaribu kukamua na Saning'o akawashinda wenyeji, wakambeba juu juu uani kwa vicheko. Na pale kijijini tukaona wazee wameketi kwenye meza ndefu na kahawa, wanabishana siku ya kupandisha kondoo malishoni na pa kuwapitisha wasikanyage majani ya mtu. Walibishana mchana kutwa. Mwisho wakapeana mikono.

Tuliporudi kwenye treni, Saning'o aliniambia kwamba babu yake alikuwa akifanya vilevile na wakulima. Nikamwambia hata mimi nimewahi kumsikia bibi akisimulia: baada ya mavuno wafugaji walikaribishwa kula mabua, na shamba likabaki na samadi. Tukatazamana. Tulikuwa tumekwenda mbali sana kukumbuka jambo la nyumbani. Tembea uone, wamesema, na mimi naongeza: mengine utakayoyaona ni ya kwenu.

Kazi yetu ilishika nafasi ya kwanza darasani, na nilipotajwa jina nilisimama wima, sikuinama. Lakini cheti hakijawahi kumzuia ng'ombe. Ushindi wenyewe ulikuwa unatungoja huku.

Tulirudi, tukamaliza chuo, tukaajiriwa. Mimi nikapangiwa kijiji kimoja kwenye njia ya Mikumi kuwa bibi shamba, naye Saning'o akawa bwana mifugo wa kata hiyohiyo, karibu na kwao. Tulikuta hali mbaya. Msimu uliopita watu walikuwa wamekwisha kushikiana mapanga na mikuki. Tulipoanza kusema habari ya kufungua njia ya ng'ombe kwenda mtoni, wakulima walisema mimi nimenunuliwa kwa maziwa, na wafugaji wakasema Saning'o ameharibiwa na ubaridi wa Ulaya. Mkutano wa kwanza walikuja wachache. Wa pili walikuja kutukana. Tukaendelea kuita. Nilikwenda kwa baba yake Saning'o, mzee mrefu wa maneno machache, nikamwamkia, nikainamisha kichwa kama ilivyo desturi yao, naye akanigusa utosini na kuniita binti yangu. Mkutano uliofuata alikuja yeye mwenyewe, na wazee wenzake nyuma yake. Wakulima walipoona wazee wale wamefika, nao wakaona haya kukaa nyumbani.

Walibishana mchana kutwa, na mimi moyoni nikawa nafurahi, maana nilikuwa nimeona kwamba ubishi wa namna ile huzaa. Jioni ilikubaliwa: kila mwenye shamba upande ule atoe kipande, njia ipimwe, ipandwe mikonge pande zote mbili, na baada ya mavuno ng'ombe waingie kula mabua kwa siku watakazopatana.

Na mwaka uleule tukajaribiwa. Mvua ilikatika mapema, mahindi bado yanabeba. Madimbwi ya mbugani yakakauka. Ikawa hakuna namna, mifugo yote lazima ishuke mtoni.

Baba yangu alikuwa amekuja kunitembelea. Nilimchukua tukasimama ukingoni mwa shamba pamoja na wakulima, wengine mikono nyuma, na sikutaka kujua wameshika nini. Vumbi likainuka. Kengele zikasikika. Ng'ombe wakaja, wengi, wamekonda, wana kiu, wameshanusa maji. Wazee wa kifugaji walikuwa mbele na fimbo zao, na vijana pande zote mbili wamejipanga kando ya mikonge, wanaimba taratibu kuwatuliza. Mahindi yalikuwa kushoto na kulia, mabichi, karibu na midomo yao. Wakapita. Kundi la kwanza, la pili, yote yakapita. Tukasikia maji yanachapwa na kwato, na ng'ombe wanakunywa. Halikuvunjika hata bua.

Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, na wengine wote wakadakia, wakulima kwa wafugaji, mpaka ng'ombe wakainua vichwa mtoni. Saning'o alikuja anakimbia, vumbi usoni, anacheka na kulia. Na baba yangu, mwanangu, yule asiyetaka kumsikia mfugaji, alivuka ile njia kwa miguu yake, akamwendea mzee wa Saning'o, akampa mkono wa kulia.

"Mzee mwenzangu," akasema, "umewalea ng'ombe wako vizuri."

"Na wewe binti yako," akajibiwa.

Sijapata shahada inayofanana na maneno yale.

Sasa wewe unakwenda. Utakwenda na simu, na kila jioni utaona uso wa mama yako, jambo ambalo sisi tusingeliota. Lakini simu haitakufundisha kubisha hodi chumba cha pili. Kwa hiyo nisikilize. Ukifika ugenini, mtafute wa kwenu hata kama kwenu hamkuwa mkisalimiana, ule naye, maana chuki ya nyumbani haina pa kushika mizizi kwenye sahani moja. Ukisikia watu wako wanasemwa, simama. Lakini anza kwa kumsemea mwenzako maumivu yake, naye atakusemea yako. Usione haya kukemewa na mkubwa wa nchi nyingine. Soma walichonacho, lakini usiwe mtu wa kurudi na kudharau. Uliza kwanza wazee wa kwenu, huenda walikuwa nacho. Kisha rudi. Kupata elimu ni nusu ya safari, nusu nyingine ni kuileta mahali ambapo itamfaa mtu. Na wakikutukana mkutano wa kwanza, ita wa pili. Penye nia pana njia, mwanangu, na mimi njia hiyo nimeiona kwa macho yangu, ng'ombe wanapita.

Nenda salama. Mungu akufungulie milango, akupe watu wema kila utakapoweka mzigo wako chini. Ubaridi usikuzoee, upweke usikujue jina. Ulimi wako uwe mwepesi wa salamu na mzito wa kuhukumu. Na siku ya kurudi, kigelegele kikupokee kutoka pande zote mbili za njia. Amina.