Mkono wa Fundi Kabureta

Fundi wa kabureta husikiliza gari akiwa amefumba macho, kiganja juu ya injini kama mama anayepima homa. "Nyamazeni, mgonjwa anasema," huwaambia wateja. Siku moja mkunga alileta gari linalosita kila akikanyaga mafuta. Jana yake lilisita katikati ya njia panda, lori likamkosakosa. Fundi akafungua kabureta taratibu, akatoa kiraba cha pampu kinachorusha petroli mguu ukigusa pedeli. Kilikuwa kimechanika. Akakitazama, akaitambua kazi yake mwenyewe. Angeweza kusingizia vumbi. "Dada yangu, hiki nilikifunga mimi mwezi uliopita, nikakibana vibaya. Nusura nikuue." "Basi funga kingine wewe mwenyewe," mkunga akasema, akavuta kigoda kusubiri.