Koti Moja kwa Watoto Kumi na Mmoja

Kosa langu la kwanza katika kazi ya picha za habari lilikuwa koti, na nalisema mwenyewe kabla watu wa Bunia hawajawasimulia, maana wao huanza kucheka kabla hawajafika katikati.

Ilikuwa wakati wa vita. Nilikuwa nimejifundisha kupiga picha peke yangu katika stidio yetu ndogo ya mtaa wa Rwambuzi, na yaya Dieudonné, kama tunavyomwita kaka mkubwa, mwandishi aliyekuwa akibandika gazeti lake kwenye ubao karibu na soko, akaniomba nipige picha watoto waliopotezana na wazazi wao wakikimbia, ili ndugu zao wawaone ubaoni. "Piga tu vile wako," aliniambia. Vile wako! Mimi, ambaye nikiona kola imepinda nashindwa hata kula? Nikabeba mpaka kwenye uwanja wa wakimbizi lile koti jeusi la stidio, tunaloazima watu wasio na nguo nzuri ya picha, nikamvisha kila mtoto kwa zamu, nikalibana mgongoni kwa pini, nikawapaka poda, nikawaambia wanyanyue kidevu (na wasipumue).

Picha zilitoka ndogo kama za kitambulisho, nyuso zote zimeng'aa kwa poda na flashi. Zilipobandikwa nilisimama kando ya ubao, nimechomekea shati, nikingoja sifa.

"Ile koti naijua!" muzee mmoja akapaza sauti. "Nilivaaka ile siku ya picha ya ndoa yangu!"

"Hawa ni batoto ao ni baministre?" mwingine akauliza, eti mawaziri, na watu wakacheka mpaka wakashikana mabega, nami nikacheka nao kidogo, huku natafuta pa kujificha.

Mama mmoja hakucheka. Alikuwa ametoka Komanda kwa miguu. Alizipitia picha zote mara mbili, kisha akakaza kitenge chake aondoke.

"Wangu haiko," alimwambia yaya Dieudonné. "Wangu alikuwa na triko ya kijani, ku kiwiko nilishonaka na uzi nyekundu. Hawa ni batoto ya batajiri."

Triko ile, yaani sweta, nilimvua mtoto wakati wa picha kwa mikono yangu mwenyewe, kwa sababu ule uzi ulikuwa unaniharibia picha.

"Mama, usiende! Kuya na mie!" Nikamshika mkono mbele ya wote, tukakimbia mpaka kwenye uwanja wa wakimbizi, kamera ikinigonga kifuani, na kabla sijamwonyesha mtoto kwa kidole yeye alikuwa ameshaita, "Neema!", na kiwiko chenye uzi mwekundu kikamzunguka shingoni.

Nilipiga picha moja, imepinda, mgongo wa mama umejaa nusu yake. Yaya Dieudonné aliibandika katikati ya ubao. Kesho yake niliwapiga picha upya wale kumi waliobaki katika nguo zao, na kabla ya juma kwisha wengine wakaanza kuchukuliwa na ndugu zao.

Siku hizi koti linabaki kwenye msumari wake stidioni. Nikienda kupiga picha za habari, sinyooshi kola ya mtu.