Florami anayefunga muziki kwenye gari la maiti

Ijumaa, saa moja asubuhi, Florami Cagampang amelala chali ndani ya gari la maiti, mikono kifuani, macho kayafumba. Muziki unalia. Mama mmoja anayepita na mkate wake wa moto anachungulia, anafanya ishara ya msalaba, anaongeza mwendo.

"Nasikiliza kama kuna kitu kinatetemeka," anasema Florami bila kufumbua macho. "Abiria wa gari hili huwa halalamiki. Lazima mtu alalamike kwa niaba yake."

Fundi huyu wa miaka arobaini na mitatu anafunga muziki kwenye magari chini ya turubai, kando ya barabara kuu ya Loay, kisiwani Bohol. Kabla ya hapo alitengeneza mashine za karaoke kwa miaka tisa, peso mia tatu na hamsini kwa mashine.

"Ukishawasikia walevi wa Loay wakiimba," anasema, "hakuna sauti itakayokutisha tena."

Wateja wake wengi ni vijana wanaotaka besi ya kuchezesha hadi kibao cha namba. Gari moja humwachia peso elfu nne na mia tano, na mwezi mzuri hupata magari matano. Miezi ya mvua, turubai likichuruzika, akipata moja anashukuru.

Ndiyo maana kazi hii inamtoa jasho. Manong Anunciado (hapa kaka mkubwa huitwa Manong, dada mkubwa Manang), mwenye nyumba ya mazishi, ana magari matatu. Hili la kwanza kesho linampeleka makaburini mzee Crispulo, fundi viatu, na wimbo wa mapenzi alioupenda. Waombolezaji watatembea nyuma wakiimba. Mambo yakienda sawa, Florami anapewa na mawili yaliyobaki. Yakiharibika, yote matatu yanakwenda kwenye duka la mjini Tagbilaran, lile lenye kiyoyozi.

Saa nne Manong anafika na watu wake wanne wamebeba jeneza tupu.

"Tumejaribu na wewe, Inday," anasema, kama wanavyoitwa mabinti hapa. "Sasa tujaribu na mwenye gari."

Jeneza linaingia, wimbo unaanza. Besi inapopiga tu, vishikio vya chuma vya jeneza navyo vinaitikia: ka-ka-ka-ka.

"Florami! Marehemu anabisha hodi?"

"Hebu subiri, Manong."

"Mimi nitasubiri. Mjane je? Akisikia hivyo kesho atasimamisha gari, amfungulie mumewe!"

Florami anafunga vishikio kwa vitambaa. Vinatulia kidogo, halafu mfuniko nao unaanza. Anakaa chini kwenye kokoto, anacheka mwenyewe.

"Siku tatu nimelala humo nikijipima," anasema. "Nimesahau kwamba mimi sina vishikio."

Kisha anachukua spana, anaingia chini ya sakafu, anafungua boksi kubwa la besi, la peso elfu nane, ambalo wiki nzima alikuwa akilisifia.

"Unalitoa? Si ulisema hilo ndilo roho ya muziki?"

"Kwa wale vijana, Manong. Mzee Crispulo anataka maneno ya wimbo wake yasikike. Hana haja ya kutingisha barabara."

Mpaka jioni ameshapanga upya. Spika mbili ndogo ziko chini, za sauti laini, kwa ajili ya familia inayotembea jirani na gari. Mbili zenye mdomo wa tarumbeta ziko juu ya paa, zimefichwa kwenye maua, zinapita vichwa vya watu kuelekea mwisho wa msafara. Anamwagiza Manong atembee kinyumenyume kujaribu. Manong anafika hadi duka la dawa, bado anapunga mkono kwamba anasikia.

Jumamosi msafara ni mrefu. Kwa kawaida hapa wa mbele wakiwa kwenye kiitikio, wa nyuma bado wako ubeti wa pili, na mkifika makaburini utadhani ni misiba miwili. Florami anatembea mkiani kabisa, pembeni ya Manang Purificacion, dada wa marehemu, miaka themanini na mmoja, anayekwenda kwa fimbo.

Kiitikio kinafika. Mbele na nyuma wanaingia pamoja.

Bibi anasimama. "Inday, nasikia kila neno. Siku ya kumzika mume wangu niliimba peke yangu huku nyuma, kama mwendawazimu."

Kisha anaendelea kutembea, akiimba kwa sauti.

Langoni mwa makaburi Manong Anunciado anamtupia Florami funguo za gari la pili. "Jumatatu. La tatu wiki inayofuata. Ila hilo la pili linavuja."

"Nitaanza na kuziba."

Pesa za magari hayo zina kazi tayari: bati la kweli badala ya turubai, na sakafu ya saruji ya kutosha magari mawili. Mchanga ameshanunua. "Krismasi mtanikuta chini ya bati," anasema.

Manang Purificacion anamgusa mguu kwa fimbo. "Na mimi nataka muziki huuhuu."

"Wimbo gani, Nang?"

"Nina miwili. Sijaamua."

"Usiharakishe, Nang. Nina magari mawili ya kumaliza kwanza."