Zikinoga, Baba Mkwe Anasubiri

Nimeshaona watu wakibishana kuhusu mbio za baiskeli mpaka wakanuniana mwaka mzima. Hiyo huku kawaida.

Ila mara moja tu nimeona wakibishana ili ijulikane kama mtu aishi wiki nyingine au asiishi.

Mtu mwenyewe alikuwa baba mkwe wangu. Alikuwa amelala chumba cha juu, na ubishi ulikuwa chini, jikoni kwake.

Ngoja niwape yote, maana nimelibeba hili peke yangu na limenichosha.

Naitwa Machteld. Kwetu ni Oostende, pwani, watu wa mpira. Nikaolewa huku ndani kwenye vilima, karibu na Geraardsbergen, ambako mtoto anajifunza kuendesha baiskeli kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Baba mkwe, mzee Odilon, mapafu yalikuwa yamekwisha. Kutoka kitandani hadi kwenye kiti ilikuwa safari, akifika anahema dakika nyingi hawezi hata kusema asante.

Akamwita daktari wake, Dokta Lutgart, wakazungumza wiki nyingi. Sheria ya nchi yetu inamruhusu mgonjwa kuchagua siku yake ya kufa. Wakakubaliana Jumanne. Angekuja asubuhi, amchome sindano, mzee alale asiamke tena.

Dokta alimwambia mbele yetu sote: "Ukibadili mawazo hata nikiwa mlangoni, naondoka na mkoba wangu. Wala sitakuuliza kwa nini."

Mume wangu, Joris, tangu siku hiyo usingizi ukamkimbia. Anageuka huku, anageuka kule.

"Si uende ukaongee na baba yako?" nikamwambia.

"Nimwambie nini?"

"Jamani Joris! Kilichoko moyoni!"

Akaniangalia kana kwamba nimemtukana. Wanaume wa huku bana. Baba na mwana wanaweza kukaa benchi moja miaka arobaini, wanaongelea matairi.

Jumapili kabla ya Jumanne hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mbio kubwa za Flanders, zinazopita vilima vya huku. Asubuhi nilikuwa nabadilisha shuka za mzee, Joris akaingia na kahawa.

"Baba," akasema, akiangalia dirishani. "Si usubiri za Jumapili ijayo? Zile za barabara za mawe, kule Ufaransa."

Mzee akavuta pumzi, ikachukua muda.

"Tuone za leo kwanza. Zikinoga, nampigia Lutgart, nasubiri. Zisiponoga, aje Jumanne yake. Sibaki duniani kwa ajili ya kukohoa."

"Dawa inakulaza mchana kutwa. Utajuaje kama zimenoga?"

"Achiel ataniambia. Ninyi wanangu mtanidanganya."

Achiel ni rafiki yake tangu ujana, walikimbiza baiskeli pamoja. Mzee mkavu huyo! Siku Odilon aliposhinda mbio za kijiji, mara yake moja tu maishani, Achiel alimwambia usoni: umeshinda, ila zilikuwa mbovu. Odilon alikuwa akinuna akikumbuka, halafu anacheka.

Basi mchana tukakaa jikoni. Mimi, Joris, mdogo wake Wannes aliyekuwa akiishi pale na mzee, na Achiel kwenye kiti chake karibu na jiko.

Mungu wangu. Mbio zilikuwa mbovu!

Hata mimi nisiyejua kitu niliona. Mapema kabisa, kwenye kilima cha mawe, bingwa mwenye jezi ya bluu akasimama juu ya pedali, akachomoka. Kwaheri. Waliobaki wakawa wanaangaliana, kila mmoja anamsubiri mwenzake amfukuze. Zaidi ya saa nzima tukatazama mgongo wa mwanaume mmoja.

Wannes akasinzia. Achiel akamenya viazi vya jioni, na hakuna aliyemwomba.

Bingwa akavuka mstari peke yake, na hajashuka hata kwenye baiskeli, Joris akapiga meza.

"Zimenoga!"

Wannes akafumbua jicho moja. "Zimenoga wapi?"

"Wewe ulikuwa umelala, utajuaje? Mtu kaenda peke yake umbali wote ule, upepo usoni! Huo si ushujaa?"

"Ushujaa ni wake. Mimi nimeona mgongo."

"Na walivyogombania nafasi ya pili?"

"Ya pili! Kaka, tangu lini nyumba hii inashangilia wa pili?"

"Mmoja alianguka pale kwenye kona!"

"Alianguka peke yake, kwa uzembe. Acha hizo, Joris. Nimeangalia mbio tangu nanyonya, hizi ni takataka."

"Wannes, nakuomba."

"Unaniomba nini?"

"Sema zimenoga. Neno moja tu. Utapungukiwa na nini?"

Hapo Wannes akasimama. Sijawahi kumwona vile.

"Wewe unakuja Jumapili na maua. Mimi ndiye ninayemwinua anapokosa pumzi. Unajua ananiambia nini nikimshika? Ananiomba radhi. Kila mara! Baba yangu ananiomba radhi kwa sababu hajafa. Sasa wewe unataka wiki nyingine, ya nani? Yake au yako?"

Nikageukia sinki nijifanye naosha kikombe.

Halafu Joris akamgeukia Achiel.

"Mzee wangu, neno ni lako."

Achiel akafuta mikono yake taratibu. "Mwanangu, zilikuwa mbovu."

"Najua."

"Mbovu sana."

"Najua, mzee Achiel. Sasa juu unakwenda kusema nini?"

Achiel akavitia viazi kwenye sufuria, kimoja kimoja.

"Nitadanganya," akasema.

Tukapanda wote. Odilon alikuwa macho, ameegemezwa kwenye mito, anatusubiri. Nywele kazichana mwenyewe, aisee, sijui alizichana vipi kwa mikono ile.

"Haya, lete," akasema.

Na Achiel akaleta! Kumbe mzee yule ana domo! Akasimulia wanaume watano waliopanda kilima cha mwisho bega kwa bega. Mmoja mnyororo ukamtoka, akaurudisha kwa vidole, akawafikia. Akasimulia mvua ambayo haikunyesha. Mikono yake inakwenda huku na huku, na kile chumba chote kikawa na mbio.

Odilon macho yakamwaka. Akajaribu kujiinua.

"Na kwenye mstari?"

"Tairi kwa tairi! Walipima kwa picha!"

Joris alinishika mkono, akauminya mpaka ukauma. Nikasema moyoni, tumeshinda. Mzee anabaki.

Odilon akajilaza tena kwenye mito. Akamwangalia rafiki yake kwa upole.

"Achiel, mbona sauti unayo?"

"Sauti?"

"Mbio zikinoga wewe hupiga kelele mpaka sauti inakatika. Kuna mwaka uliongea na mkeo kwa ishara mpaka Jumatano. Leo unaongea vizuri kuliko padri."

Achiel akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akaanza kulia, yule mzee mkavu, mabega yanamcheza. "Walikuwa wanaangaliana tu, Odilon. Wote. Hakuna aliyethubutu."

"Bingwa aliondoka mapema?"

"Mapema mno."

"Nilihisi." Akampigapiga mkono. "Asante kwa kujaribu. Ila usirudie, huna kipaji."

Wakacheka wawili hao. Sisi wengine tulitoka nje ya chumba.

Jumanne Dokta Lutgart akaja. Akaweka mkoba chini, akavuta kiti, akamshika mzee mkono.

"Bwana Odilon, una uhakika?"

Sikilizeni hapa, maana hapa ndipo panaponiamsha. Mzee alimwangalia Wannes. Halafu akamwangalia Joris, akamwangalia kwa muda mrefu.

Alikuwa anasubiri. Naapa alikuwa anasubiri kuambiwa kitu.

Wannes akainamisha kichwa. Joris akafungua mdomo. Sema, nikamwambia kimoyomoyo. Mwambie baba yako, sema sasa hivi!

"Jumapili wanasema kutakuwa na mvua," Joris akasema.

Mvua juu ya mawe ni utelezi, na mbio lazima zinoge. Kwa watu wa huku hakuna habari tamu zaidi ya hiyo. Lile lilikuwa ndilo neno lake lote la mapenzi, na mimi ninayemjua nililisikia lilivyo. Baba yake naye labda alilisikia.

Ila halikutosha.

"Wanasema hivyo kila mwaka, mwanangu," mzee akajibu. Kisha kwa Dokta: "Endelea."

Tulimzika Jumamosi.

Jumapili mvua ikanyesha.

Ninyi nyote mnaofuatilia mnajua mbio za namna hiyo zinavyokuwa. Matope mpaka kwenye meno. Watu wanaanguka, wanaokota baiskeli, wanakimbia nazo begani. Anayeongoza anabadilika kila kona. Nyumba ya jirani walikuwa wanapiga mayowe mpaka mbwa wao akabweka. Mwisho wakaingia kwenye uwanja zinakoishia mbio hizo, kundi dogo, weusi kwa tope, hujui nani ni nani, na hata mtangazaji alikosea jina la mshindi.

Jikoni kwa mzee hakuna aliyefungua mdomo. Achiel alikuwa amekaza mikono katikati ya magoti.

Zikaisha. Wannes akazima televisheni.

"Zilikuwa mbovu," Joris akasema.

"Mbovu kabisa," Wannes akajibu.

"Sijui watu wanashangilia nini."

"Hata mimi sijui."

Ndiyo mara pekee nimewaona ndugu wale wawili wakikubaliana kuhusu mbio. Achiel akachukua kofia yake, akaenda kwake bila kuaga.

Sasa mnasubiri niwape somo. Ninalo, ingawa mimi mwenyewe halijanisaidia.

Mzee alisema zikinoga atabaki, nasi wapumbavu tukashughulika na kunoga. Watu wazima wanne ndani ya nyumba, tukabishana kuhusu kona, upepo na nafasi ya pili. Hakuna aliyepanda ngazi akamwambia, baba, baki kidogo kwa ajili yetu.

Labda angekataa. Kwa mapafu yale, nadhani angekataa, na Wannes ana haki yake. Lakini angeondoka anajua kuwa aliombwa.

Kama una mtu wako, mwambie. Usipitie kwenye hali ya hewa. Mwambie akiwa bado anakuangalia usoni.

Joris siku hizi anayasema yote. Kila Jumapili makaburini anamwambia baba yake anampenda, anarudia na kurudia, akidhani mimi niko mbali sisikii.