Dawa ya Birika

Habari nilipewa kwa simu, niko Nizwa, huku kwetu Oman, mikono imejaa unga wa chapati: yule bibi wa Ibra, mwenye birika la samaki uani, amefariki. Inna lillahi. Nikakaa chini. Kabla sijapangusa mikono, aliyenipigia akaongeza, kama anasema jambo la kawaida tu, kwamba sasa wanawe wataweza kulifukia lile birika wapate pa kuweka magari. Loo! Mtu hajazikwa, mchanga umeshaagizwa! Nakwambieni kweli wasomaji wangu, machozi yalinikauka, nikapandwa na hasira, na safu hii naiandika kwa hasira hiyo hiyo. Asiyependa na ageuze ukurasa.

Wengi wenu hamkumjua. Alizaliwa Unguja mjini, akaja Ibra na mumewe miaka ya sabini, akafiwa naye mapema, akabaki katika nyumba ile na wanawe. Birika alilijengesha mwenyewe kwa saruji, kina chake kiunoni, karibu na mindimu. Maji yalitoka kwenye falaji, ule mfereji wa zamani unaogawiwa kwa zamu nyumba hadi nyumba. Zamu yake ikifika, maji yanapita birikani kwanza, kisha yanatoka kwenda kunywesha mindimu na mitende, halipotei hata tone. Hayo hayakuwazuia majirani kusema. Ati mwanamke wa Zinjibari anafuga samaki na watu wanahesabu maji! Alisikia, akaendelea. Ndani aliweka visamaki vya falaji, urefu wa kidole, na maji yake, wallahi, ungeweza kuhesabu changarawe chini. Ukimuuliza siri yake anakushangaa. "Siri gani, mwanangu? Watu wanawalisha samaki kwa huruma, mkate huo, wali huo, kisha wanauliza mbona maji yananuka. Mie nawapa kidogo. Jani likianguka naliopoa. Jua likizidi natia kivuli. Basi."

Siku moja katika miaka ya tisini, nami nimemtembelea, walibisha hodi mabwana wawili wa afya. Wakati ule malaria ilikuwa inapigwa vita kweli kweli, na maji yote yaliyosimama yalikuwa yanakaguliwa, jambo la kheri kabisa. Mmoja alikuja na upawa mrefu, mwenzake na daftari. Akasema yule wa daftari, kwa Kiarabu, kwamba birika la wazi namna hii afadhali likaushwe. Bibi akajifunga leso yake vizuri, akasimama mbele yao. "Kwanza chota," akamwambia yule wa upawa. Akachota, akatazama, hakuna kiluwiluwi hata kimoja. "Chota tena. Chota kule pembeni. Chota mpaka uchoke." Bwana yule akachota kila pembe, mwisho akamgeukia mwenzake, "Ma shay," yaani hamna kitu. Bibi akacheka. "Samaki wangu wameshakula, baba, kabla hujaja na upawa wako. Haya kaeni mnywe kahawa." Walikunywa, wakala na tende, na lile neno la kukausha halikuandikwa. Wakawa wanarudi mara kwa mara kukagua, na kila wakija aliwapa upawa wao kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa nije kwenye kisa ambacho watu wa Ibra wamekitafuna miaka mingi, na mimi pia nimo. Mwanawe mkubwa alioa binti aliyezaliwa Maskati, wazee wake ni wetu, wasema Kiswahili, lakini Kiswahili chake cha kuokoteza. Bibi akaenda Sur, kwenye harusi ya mpwa wake, akakaa wiki nzima. Ilikuwa katikati ya kiangazi. Akapiga simu nyumbani kumwambia mkwewe, "Maji yakianza kugeuka rangi, yatilie dawa." Kwa yule bibi, dawa ya birika ni makuti mawili ya mtende kuyalaza upande wa jua, na samaki kufungishwa saumu siku tatu. Tangu ujana wake aliita hivyo, dawa. Binti wa watu akaona maji yamekuwa kijani, akakumbuka alivyoagizwa, akaenda stoo akatoa chupa nzima ya kloroksi, ile ya kufulia nguo nyeupe, akaimimina yote. Kufika alasiri samaki wote wanaelea, matumbo juu.

Bibi aliporudi alikuta birika linanuka kama dobi, na mkwewe amejifungia chumbani. Alinihadithia mwenyewe kwamba alikasirika sana. Akabisha mlango. "Nani kawaua samaki wangu?" Binti akajibu kwa kilio, "Mama, wewe ulisema tia dawa. Mimi nimetia dawa." Bibi akamwambia, "Kweli, nilisema. Ulimi wangu ndio uliokosea, nimekwambia nusu. Njoo tuteke maji." Wakayateka kwa ndoo wanawake wawili, wakayamwaga mbali na mindimu, wakasuuza, wakangoja zamu ya falaji. Maji mapya yakawa kijani, binti akataka kuyabadilisha, bibi akamzuia. "Yaache. Nayo yana utoto wake." Baada ya majuma kadhaa yakatua yenyewe, yakang'aa. Ndipo wakaenda mferejini na leso, wakaitandaza majini, huyu kashika huku na huyu huku, wakachota samaki wengine. Tangu siku ile birika likawa la wawili.

Na sisi tulifanya nini? Tulicheka! Harusini, matangani, kila tulipokutana, "Jamani, mmesikia ya dawa ya birika?" Mimi nilikihadithia kisa hiki Nizwa pengine mara ishirini, nikiiga sauti ya yule binti na ngeli zake zilizopinda. Naona aibu leo kuandika haya, lakini nayaandika. Kisha sisi sisi tunakaa tunalalamika kwamba vijana wameacha Kiswahili, wanatujibu kwa Kiarabu. Wasituache kwa nini? Akifungua mdomo tunamcheka, akiufunga tunamlaumu. Tunaona lugha ya mtoto ina ukoga kidogo, tunaikimbilia na chupa nzima ya kloroksi. Katika wote waliokijua kisa kile, ni aliyefiwa na samaki tu ambaye hakucheka.

Nilikwenda Ibra kwenye matanga. Siku ya tatu mwanawe mkubwa alikuja mlangoni kwa wanawake, akasema kwa adabu tu, maana si mtu mbaya, kwamba lori la mchanga litakuja Jumamosi, tuwazuie watoto wasiende uani. Wanawake wakaitikia kwa vichwa. Mkewe alikuwa anapitisha kahawa. Akaitua dalla, lile buli la kahawa, chini, akanyanyuka, mwanamke wa makamo sasa, akamwambia mumewe mbele yetu sote, kwa Kiswahili chake kile kile, "Samaki yangu haiendi popote. Mchanga peleka kwingine." Mume akamtazama, akatutazama sisi, akaondoka. Jumamosi lori halikuja.

Wasomaji wangu, ninyi mlioachiwa kitu na wazee wenu, lugha, bustani, au desturi ambayo wenzenu wanaiona upuuzi, kikichafuka msikitilie dawa ya chupa na msikifukie. Opoeni majani, tieni kivuli, subirini. Na akitokea mtoto wa watu anataka kukitunza, hata kama anakitaja kwa ngeli iliyopinda, mpisheni akitunze. Mimi siku ile nilimsikia vizuri sana, na nilikuwa wa kwanza kusimama upande wake.