Ala Iliyokaushwa Kivulini

Mke wangu alianza kusinzia wakati wa kukata michembe. Viazi vilikuwa vimechimbwa, wanawake wamekaa chini na visu vyao, wanamenya na kukata vipande vyembamba vya kuanika juani, na mkono wake ukasimama katikati ya kiazi. Kidevu kikashuka. Kisu kikabaki ndani ya kiazi pale pale kilipofika.

Dada yake, ambaye ni shemeji yangu na kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kunitania apendavyo, alipiga makofi. "Shemeji! Sisi tulikupa mtu, mbona umemgeuza paka? Unamfanyia nini huyu mpaka analala jua likiwa utosini?"

"Ninyi ndio mlionipa paka," nikamjibu. "Mlimfunga kanga nisimtambue."

Wanawake wakacheka. Mke wangu akaamka, akacheka nao bila kujua kilichochekwa, akaendelea kukata.

Tulicheka hivyo kwa wiki nyingi. Kwetu Unyamwezini kumtania shemeji ni kama wajibu, na jambo likishaingia kwenye utani halitoki upesi. Nani angesema huyu ni mgonjwa, na kila mtu anamwita paka? Tulipokuwa wawili peke yetu mimi sikumtania. Nilimgombeza. Ugali ulipoungua nilimwambia ni mvivu. Neno hilo nililitumia zaidi ya mara moja.

Mtu atauliza kwa nini hatukushtuka, maana malale, ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o, tulikuwa tunayajua. Kwa ajili ya malale Waingereza walikuwa wametuhamisha. Kijiji chetu cha zamani kilikuwa ndani ya msitu, mwendo wa nusu siku kutoka njia ile ya kale ya misafara ambayo babu yangu aliipita akiwa na mzigo wa watu wengine kichwani. Mbung'o walikuwa wengi kule, kwa hiyo tukakusanywa mahali pamoja karibu na barabara, miti ikakatwa pande zote, tukaambiwa tusirudi. Tulirudi. Mizinga yangu ya nyuki ilikuwa kule, na uyoga wa kule hauna mfano. Masika ya mwaka ule nilikwenda na mke wangu, mimi kwenye mizinga, yeye kwenye uyoga. Yeye hakutaka kwenda. Alisema miguu inamuuma. Mimi ndiye niliyesema twende. Baada ya siku chache akapata homa, homa ikapoa, tukasahau.

Kisha akaja dresa wa serikali kupima damu. Tulipanga mstari, kila mtu akatobolewa kidole, damu ikapakwa kwenye kioo. Siku kadhaa baadaye, Jumapili tulipotoka kusali, dresa alikuwa amesimama nje na karatasi. Alisoma majina ya watu watatu. La pili lilikuwa la mke wangu.

Shemeji yangu alikuwa kando yetu. Alifungua mdomo, nadhani kutania kama kawaida yake, akaufunga.

Dresa alisema lori la kuchukua wagonjwa litapita barabarani Jumatano. Litawapeleka kwenye kambi ya tiba, huko watachomwa sindano. "Wakiwahi wanapona," alisema. "Ugonjwa ukishapanda kichwani, ni kazi."

Mke wangu alikuwa macho kabisa asubuhi ile. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nitakwenda. Lakini kisu changu nakwenda nacho."

"Bibi, kule utapikiwa."

"Nani kasema habari ya kupika? Siendi kukaa na watu nisiowajua sina hata kisu."

Kilikuwa kisu kidogo tu, mhunzi alikifua kutoka kwenye kipande cha jembe lililochakaa, mpini wake wa mti umekuwa mweusi kwa mkono wake. Alikuja nacho kutoka kwao tulipooana. Dresa alikitazama, akacheka kidogo. "Haya. Lakini kisu kitupu hakipandi kwenye lori. Mtu akisinzia atajichoma. Kifunikeni."

Basi nikasema nitakishonea ala.

Hapa inabidi niseme kwamba ngozi naijua kidogo. Misheni nilisoma mpaka darasa la nne, kisha nikakaa mjini Tabora, Gongoni, miaka mitatu, kwa mzee mmoja fundi wa viatu. Mzee yule alikuwa akimkataa mteja mwenye haraka. Akiambiwa kiatu kinatakiwa kesho, anakirudisha mkononi mwa mwenyewe: "Kesho nenda peku, keshokutwa njoo." Nilijifunza kwake, ingawa sikuwa mwanafunzi wake bora. Nilipooa nilirudi kulima, lakini vifaa nilikuwa navyo: msharasi wa kutobolea ngozi, sindano mbili nene, na kipande cha ngozi ya ng'ombe nilichokitunza.

Jumatatu nilikiweka kisu juu ya ngozi nikachora umbo lake kwa mkaa, nikaacha nafasi ya mshono. Nikakata. Nikakata pia ukanda mwembamba wa kuingia katikati ya mshono, ili makali yakutane na ukanda huo yasikate uzi. Ngozi nikailowesha. Mke wangu alikaa karibu nami siku hiyo. Alinisokotea uzi wa katani na kuupaka nta, nta ya mizinga yetu wenyewe. Mara mbili vidole vilisimama, nikamgusa bega, akaendelea. Sikumgombeza. Ilikuwa siku nzuri. Hilo nalo ni sehemu ya kosa langu, kwamba ilikuwa siku nzuri.

Jumanne nilishona. Sindano mbili kwenye tundu moja, moja inatoka huku na nyingine kule, unavuta mpaka uzi unazama kwenye ngozi. Nilishona karibu karibu kuliko nilivyowahi kushona kiatu cha mtu yeyote. Palipopinda nilifumua, nikaanza upya. Jua lilipoinama ala ilikuwa imekwisha, ila ilikuwa imelowa. Ukiingiza kisu kwenye ala mbichi kitapata kutu, na ala itatanuka vibaya. Nilichonga ubao mwembamba wa umbo la kisu, nikauingiza badala yake, nikaitundika ala chini ya paa, mahali penye kivuli. Ingehitaji siku mbili, pengine tatu.

Lori lilikuwa la kesho yake.

Ningeweza kuikausha motoni. Ingejikunja na kupasuka pembeni, lakini kisu kingekaa. Ningeweza kukizungushia kisu kitambaa na kamba, kazi imekwisha. Dresa alisema kifunikwe. Hakutaja ngozi, wala hakutaja mshono. Niliyajua hayo yote Jumatano asubuhi nilipokuwa natembea kwenda barabarani peke yangu, mke wangu amebaki nyumbani na dada yake akifunga vitu vyake.

Lori lilisimama. Nyuma walikuwa wamekaa watu wanne, na nafasi ya watu wengine kumi. Dereva alitoa kichwa. "Mgonjwa wako yuko wapi?"

"Hajawa tayari."

"Hajawa tayari nini? Anaolewa?"

"Kuna kitu chake hakijakauka."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mlevi. "Mimi narudi baada ya wiki mbili," alisema. "Mbili. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Lori likaondoka na wale wagonjwa wawili wenzake mke wangu kutoka kwetu, waliokuwa wamepanda na mikeka yao.

Nimejiuliza kwa miaka mingi kwa nini nilifanya vile. Jibu la kwanza nililojipa ni la fundi: kwamba kitu cha mke wangu kisiwe kibaya. Si kweli. Jibu la kweli ni kwamba niliogopa. Niliona kwamba akipanda lile lori hatarudi, na ngozi iliyolowa ilinipa sababu ya kukaa naye. Nilijificha nyuma ya kazi yangu. Nilipofika nyumbani shemeji alikuwa mlangoni na mzigo mkononi.

"Vipi?"

"Limejaa," nikasema. "Wamesema tungoje lijalo."

Akatukana serikali, dereva na mama yake dereva, akaurudisha mzigo ndani.

Ijumaa ala ilikauka. Nilitoa ubao, nikaingiza kisu, kikaingia kwa sauti ndogo na kushikwa. Nilikigeuza kichwa chini hakikuanguka. Nikampa. Mke wangu alikigeuza huku na huku, akapitisha kidole kwenye mshono wote, kisha akacheka. "Umekivalisha kisu suruali," alisema. "Sasa kitakwenda ofisini." Alikifunga kiunoni, akalala nacho mchana ule ule.

Hiyo ndiyo sentensi ya mwisho ndefu aliyoniambia.

Wiki ya kwanza alianza kulala chakula kikiwa mdomoni. Nilikuwa nakitoa kwa kidole ili asipaliwe. Wiki ya pili alimwita dada yake kwa jina la bibi yao aliyekwisha kufa, na mimi hakuniita kwa jina lolote. Mikono ilitetemeka. Siku moja nilimkuta amekaa, kisu kimo kiunoni, anajaribu kumenya kiazi kwa kucha. Nilichomoa kisu nikamwekea mkononi. Alikitazama, akaniuliza kwa upole, kama mtu anavyouliza mgeni, "Ni cha nani?"

Lori liliporudi nilimbeba. Kisu nilimfunga mwenyewe. Hakuuliza habari zake.

Nilipanda naye. Kambini, uani, wanawake wagonjwa walikuwa wamekaa chini wanamenya viazi, na visu vyao vilikuwa vitupu, vingine vimefungwa vitambaa tu kwenye mpini. Hakuna mtu aliyeitazama ala. Walimtoa maji ya uti wa mgongo, na mhudumu akatoka akaniambia ugonjwa umeshapanda kichwani.

"Ungemleta mapema," alisema.

Sikumwuliza mapema gani. Wale wawili wa kijijini kwetu waliopanda lori la kwanza niliwaona. Mmoja alikufa kambini. Mwingine alirudi nyumbani na akazaa watoto wawili baada ya hapo. Kwa hiyo hata hilo halinipi jibu. Ningependa wote wawili wangepona, nijue hakika nilichofanya, au wote wawili wangekufa.

Mke wangu alikufa kabla mwezi haujaisha. Nilirudi na kisu chake.

Siku ya matanga, watu walipopungua, nilimwambia shemeji. Alikuwa anapepeta mchele. Nikasema, "Lori lile halikuwa limejaa." Nikamweleza yote, ngozi, ubao, dereva. Hakuacha kupepeta mpaka nilipomaliza. Kisha akauweka ungo chini.

"Nafasi ilikuwepo?"

"Ya watu kumi."

Nilitaka anipige. "Mama asijue," alisema. "Ukimwambia mama, utakuwa umewaua wawili." Akainuka, akaingia ndani.

Na mimi hata ningetaka, ningemwambiaje? Mkwe wa kike kwetu hukai naye pamoja, humtazami usoni, mkikutana njiani unapisha pembeni na kusalimia ukiwa umeinama. Kuna mambo huwezi kumwambia hata ukiwa huna kosa. Kisu nilimpelekea kwa mkono wa mwanamke mwingine, maana kilitoka kwake, na kilipaswa kurudi kwake. Kilikwenda na ala yake.

Sasa wote wawili hawapo, mkwe wangu na yule shemeji, ndiyo sababu naandika. Lakini mkwe wangu aliishi miaka mingi baada ya pale, na kila nilipokwenda kumsalimu, nikiwa nimeketi upande wangu wa ua na yeye upande wake, alikuwa akimwita mgeni yeyote aliyekuwapo. Alikuwa akikileta kisu kile nje. Hakuwa anazungumza nami. Alizungumza na mgeni, kwa sauti ya kunifikia.

"Tazama mshono huu," alikuwa akisema. "Huyu mkwe wangu alimpenda mwanangu. Mgonjwa yuko ndani, yeye amekaa anashona hivi. Shika uone. Nionyeshe mahali uzi umelegea."

Mgeni alikuwa akishika, akitafuta, akikosa. Kisha wote walinigeukia, nami nilitazama chini na kusema asante, kwa sababu mshono ulikuwa mzuri kweli, na hapakuwa na mahali uzi umelegea.